Ng'ombe Niliyemwekesha Ofisini

Utemini, Singida
Alhamisi, mchana

Mwanangu Ntandu,

Miaka yote niliyofundisha Kiswahili darasa la tano, nimewafundisha watoto wa watu kuanza barua kwa namna moja tu: mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Aliyesahau nilimkata alama. Leo nimekaa hapa mezani, nimeandika "mimi ni mzima wa afya", nikaikata. Nikaiandika tena, nikaikata tena. Karatasi hiyo nimewashia jiko. Basi barua hii itaanza bila salamu yake, na wewe uliyekuwa ukipata alama zote kwa mama yako utanisamehe.

Umekwenda Ulemo kumuaga bibi yako. Najua utarudi jioni na kuku amefungwa miguu, maana mama yangu hawezi kumwacha mjukuu aondoke mikono mitupu, na kesho nitakusindikiza mpaka Itigi ukapande treni ya Kigoma kwenda chuo. Sitakuandikia habari za kufua soksi wala kula kwa wakati. Kama hujui kufua soksi mpaka umri huu, barua haitakusaidia. Ninachotaka ni kukueleza kwa nini jana nilikufokea.

Ulikuwa umekaa kwenye benchi la jikoni, slipu zangu za mshahara na karatasi ya bima uliyoikuta katikati yao umezitandaza magotini, simu mkononi. Ulikuwa unajumlisha makato ya ile bima ya maisha, mwezi kwa mwezi, tangu ulipokuwa darasa la kwanza. Ukaguna. Ukajumlisha tena, ukaguna tena, kama fundi anayeangalia kazi ya fundi mwenzake.

"Mama," ukasema, "hii kitu inakula. Ungeweka hela chini ya godoro ungekuwa nazo nyingi kuliko hizi wanazotaka kukurudishia."

"Ikikomaa watatoa yote, na bonasi."

"Bonasi ipi? Hii hapa? Mama, hii hata nauli ya Kigoma haifiki. Isalimishe tu. Bora nusu shari kuliko shari kamili. Tule hasara, nilipe ada ya mwaka mzima, maisha yaendelee."

Hapo nikasimama na mwiko mkononi. Nikakuuliza wewe unajua nini kuhusu ng'ombe. Ukaniangalia, ukasema taratibu, "Ng'ombe gani tena, mama?" Nilitoka nje nikafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, na kwa huu upepo wetu vumbi lote likarudi ndani. Leo asubuhi umeondoka bila kunywa chai. Uliniamkia, ndiyo, shikamoo yako ilikuwa kamili, lakini ilikuwa shikamoo ya mtu anayemwamkia mwalimu mkuu.

Nakujibu sasa. Ng'ombe gani.

Wewe umekulia mjini, ng'ombe unamjua kwa bucha, kwa hiyo inabidi nianzie mbali. Kwa watu wa baba yako kule Ikungi, mwenye ng'ombe hawaweki wote katika zizi moja. Anawawekesha kwa watu. Mmoja huku, wawili kule, ili ugonjwa ukiingia mahali pamoja wasiishe, na ukame ukipiga upande huu, upande ule wapate majani. Anayetunza anakunywa maziwa, na samadi anatia shambani kwake. Lakini ng'ombe ni wa mwenyewe, na ndama ni wa mwenyewe. Ng'ombe akifa, mtunzaji anamchuna na kumpelekea mwenyewe ngozi. Ngozi ndiyo ushahidi. Ukisema amekufa na huna ngozi, basi umemla au umemuuza, na watu watakucheka mpaka kwa wakwe zako.

Baba yako alikuwa na ng'ombe wa namna hiyo. Nilijua wapo, kwa sababu mara moja moja alikuja mtu akakaa nje, wakazungumza Kinyaturu kwa sauti ya chini, wakaagana. Mimi Mnyiramba niliyeolewa huko nilikuwa naokota neno moja moja. Siku moja, wewe ukiwa bado unatambaa, nikamuuliza.

"Baba Ntandu, hivi ng'ombe wako wapi?"

"Wako kwa watu."

"Watu gani?"

Akaniangalia kama nimemtukana. "Mama Ntandu, unataka kunizika? Mbona unanichuria?"

Nikanyamaza. Nilikuwa msichana niliyesoma chuo cha ualimu, nilikuwa na cheti, nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba uchuro ni imani za zamani. Lakini mume anapokuambia unamwita kifo, unanyamaza. Nilimpenda, na niliogopa kwamba labda kweli neno linaweza kuita kitu. Sikumuuliza tena. Nilidhani kunyamaza ni heshima.

Akafa mvua za mwaka ule hazijaisha. Homa, siku chache, basi. Hukumbuki chochote, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Baada ya matanga nilikubeba mgongoni nikaenda kuwatafuta wale ng'ombe. Nilipita boma kwa boma nikiuliza, sina jina la mtu, sina rangi ya ng'ombe, sina shahidi. Ninafundisha methali, Ntandu. Mali bila daftari hupotea bila habari, nimeiandika ubaoni mara ngapi sijui. Watu walinipokea vizuri, wakanipa kigoda, wakakupa maziwa wewe, pengine ya ng'ombe wako mwenyewe. Kisha wanasema, "Ng'ombe wa marehemu? Walikufa ule ukame, shemeji." Nikiuliza ngozi wananiambia mbwa walikula. Mtu mzima mwenye mvi ananitazama usoni ananiambia mbwa walikula ngozi.

Mmoja tu alikuja mwenyewe bila kutafutwa. Mzee Mwiru. Alikuja na baiskeli mpaka nyumba niliyokuwa nimepanga hapa mjini, ngozi kavu imefungwa nyuma kwa kamba. Akaitandaza uani. "Shemeji, huyu ni wenu, alikufa. Ngozi yake hii. Ameacha mtamba mmoja, yupo, njoo umchukue au useme nimuuze nikuletee hela." Nililia siku ile kuliko nilivyolia msibani. Mtamba yule ndiye aliyejenga chumba unacholala.

Sasa unaelewa mtu wa bima alipokuja shuleni alinikuta katika hali gani. Nilikuwa mjane kijana, mtoto mmoja, mshahara mmoja, na hofu imenijaa hata mwanafunzi akichelewa kurudi kutoka chooni natoka kumfuata. Alikuwa kijana mgeni wa huku, shati jeupe, mkoba wa ngozi. Alituweka walimu ofisini wakati wa mapumziko akatueleza. Kila mwezi kiasi fulani kinakatwa, kinakaa, kinakua, na baada ya miaka kinakomaa.

Nikamuuliza, "Yaani nakuwekesha ng'ombe."

Akafurahi sana. "Hasa, Mwalimu! Ng'ombe! Umeelewa kuliko wote humu!"

Mwalimu Hamisi, unamjua ulimi wake, akasema kutoka pembeni, "Muulize maziwa anakunywa nani." Watu wakacheka, hata mimi nikacheka. Sikumuuliza.

Na kuna baya zaidi ya hilo. Kijana yule alijaribu kunieleza yote, simsingizii. Alifungua karatasi zake akaanza, "Sasa, mwekewa bima akifariki," nikamkatiza. Nikamwambia usiseme hivyo, sema "ikitokea". Akasema sawa, ikitokea. Akaendelea kidogo, akafika mahali pengine pa kutisha, nikamkatiza tena: nionyeshe pa kusaini. Mtu ambaye mumewe alipoteza ng'ombe kwa kuogopa maneno, na yeye akasaini mkataba wa miaka na miaka kwa kuogopa maneno yale yale. Mahali pa jina la mnufaika nikaandika jina lako kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Nikatoka pale nimefurahi. Nilikuwa na ng'ombe mwenye karatasi, na hakuna mtu angeniambia mbwa walikula ngozi.

Nilimwazia hivyo miaka yote. Makato yakipita kwenye slipu nilisema moyoni, sawa, kula majani. Mshahara ulipobana nikakunyima ile safari ya shule ya kwenda kuona mbuga, ukakaa kimya wiki nzima, nilisema moyoni utanishukuru ng'ombe akirudi. Najua ulikumbuka safari ile jana ulipokuwa unajumlisha. Nilikuona ulivyosimama kwenye slipu ya mwezi ule.

Mwezi uliopita, barua ya chuo ilipokuja, nilikwenda ofisini kwao bila kukuambia. Nilimkuta binti mpole nyuma ya kompyuta. Akaniamkia, nikaitikia, nikamwambia nimekuja kumwangalia ng'ombe wangu. Akatabasamu tu, adabu njema, hakuelewa kitu. Akaingiza namba zangu.

"Unataka kusalimisha, mama?"

"Kusalimisha nini?"

"Bima yako. Ukiitoa kabla haijakomaa tunaita kusalimisha."

Neno lile lilinipeleka mbali. Nilipokuwa msichana Ulemo ilipita gari la polisi na kipaza sauti, wenye magobole wote wasalimishe silaha kituoni, na mjomba wangu akalificha la kwake ndani ya kihenge cha uwele. Nikajiona nimesimama mbele ya binti yule mikono juu.

Akaniambia kiasi. Nikadhani amekosea. Akageuza kompyuta nione mwenyewe. Nikamuuliza, "Na ngozi iko wapi?"

"Ngozi?"

"Hela zilizokufa, mwanangu. Zimekufaje? Unanionyesha nini?"

Masikini, alijitahidi. Akanichapia karatasi, ile uliyoikuta kwenye slipu, akanionyesha kwa kalamu. Hapa gharama za wakala. Hapa gharama za uendeshaji. Bonasi miaka hii zimekuwa ndogo, mama, biashara haikwenda vizuri. Na hapa gharama ya kinga yenyewe. Nikamuuliza hiyo ya mwisho ni nini. Akasema ni ya kunilinda. Ningefariki mwaka wowote, akaanza, nami mdomo ukanitoka wenyewe: sema ikitokea. Akasema haya, ikitokea mwaka wowote katika hiyo, mwanao angelipwa fedha yote ya mkataba.

Kumbe maziwa nilikuwa nakunywa mwenyewe. Kila mwaka ambao sikufa, nilikunywa.

"Hata sasa?" nikamuuliza.

"Hata sasa. Ikitokea kesho, analipwa yote. Ila ukisalimisha leo, halafu ikatokea kesho, hakuna kitu."

"Nikitaka kuanza nyingine baadaye?"

"Unajaza fomu upya, na maswali ya afya. Kwani mama unaumwa?"

Nikamwambia mimi ni mzima wa afya.

Nilidanganya, Ntandu. Nina uvimbe. Upo kwenye ziwa la kushoto, karibu na kwapa, mgumu, hauumi. Niliukuta nilipokuwa naoga baada ya kazi ya kupiga alizeti, nikadhani nimejigonga na fimbo. Alizeti ikakamuliwa, mafuta tukayauza, uvimbe ukabaki palepale. Nilikwenda kliniki, daktari mmoja dada mdogo tu akanishika, akarudia kunishika, akasema, "Mwalimu, hiki usikae nacho. Nenda Dodoma wakate kinyama wapime." Akaniandikia karatasi ya rufaa. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo. Sikwenda.

Nimeogopa sana, mwanangu. Utaona herufi zilivyolala hapa. Naogopa nikiwa napika, naogopa kanisani watu wakiimba, naogopa nikikusikia unacheka na wenzako nje kwa sababu hujui. Juzi nilikuwa naandika methali ubaoni, mficha maradhi kifo humuumbua, mtoto mmoja wa kike dawati la mbele akanyoosha kidole. "Mwalimu, kwa nini anaficha?" Darasa zima likaningoja. Nikamwambia afungue ukurasa unaofuata.

Ningemjibu nini? Anaficha kwa sababu asipopimwa bado ana nafasi mbili. Anaweza kuwa mzima, anaweza kuwa mgonjwa. Akipimwa inabaki moja. Mimi nimekaa katikati ya hizo mbili miezi yote hii, na bima nimeiweka hapo hapo katikati. Kama ni mzima, wewe una haki: naisalimisha, nakula hasara, unasoma. Kama ni mgonjwa, kuisalimisha ni kuchukua kidogo leo na kukunyima kingi kesho, na hakuna ofisi duniani itakayoniandika tena. Huyu ng'ombe amekonda miaka yote, Ntandu. Ananenepa nikifa tu.

Nitakuambia na hili, ingawa nilitaka kuliruka. Juzi hiyo hiyo, nilipotoka shule, nilikuwa nachambua mchicha, mkataba umebakiza miaka mitatu kukomaa, nikajikuta nawaza: kama ni kufa, basi nife kabla ya hiyo miaka mitatu, mtoto apate yote. Nililiwaza bila huzuni kabisa, nikiwa nachambua majani mabaya na kuyatupa kando. Kisha nikajisikia. Nikaacha mchicha pale pale nikaenda kukaa mlangoni kwenye jua. Uvimbe haujawahi kunitisha kama wazo lile lilivyonitisha. Mama wa mtu anakaa jikoni kwake anapanga kifo chake kiwe na faida.

Siku iliyofuata wewe ukaja na simu yako na slipu zangu. Ulisema "isalimishe tu" kama mtu anayesema fungua dirisha. Kwako lilikuwa suala la hesabu, na hesabu zako zilikuwa sahihi, nimezirudia mwenyewe leo asubuhi. Kwangu ulikuwa unanishika pale pale kwenye uvimbe. Ndiyo maana nilikufokea, na naomba unisamehe.

Sasa nikuambie nilichoamua.

Kesho nitakufikisha Itigi. Treni ikishakuchukua, sitarudi Singida. Nitapanda gari la Manyoni, na kutoka hapo mpaka Dodoma, na karatasi ya rufaa ipo tayari ndani ya mkoba wangu, nimeiweka kabla ya kuanza kuandika ili nisipate sababu. Mwalimu mkuu nimemwomba ruhusa. Nilimwambia nina shughuli ya familia, na usoni nilimwona amejua siyo hiyo, lakini ni mtu mwenye heshima.

Bima sitaisalimisha kabla ya kupimwa. Hii ina maana muhula wa pili utakuwa mgumu kwako. Ada ya sasa ipo, ile ya alizeti, lakini fedha uliyoitegemea kutoka kwenye bima haitakuja mapema, na pengine utakula maharage mpaka uyachukie. Dodoma wakisema sina kitu, nakwenda kwa yule binti wiki hiyo hiyo, nasaini, tunakula hasara yetu, na sitamlilia ng'ombe huyo hata chozi moja. Wakisema ninacho, nitaendelea kulipa kila mwezi, na wewe hutanigombeza kwa simu kwamba inakula. Iache iendelee kula. Miaka yote hiyo nilikuwa nanunua kitu bila kujua ninanunua nini, sasa najua.

Na wewe ukija kusaini chochote maishani, mwache mwenye karatasi amalize sentensi yake. Hasa ile inayokutia kichefuchefu. Mimi nililipa ghali kwa kumkatiza mtu.

Ikitokea, basi mkataba

Hapana. Nimekata maneno hayo, unaona. Ngoja niandike kama linavyoandikwa.

Nikifa, Ntandu, mkataba upo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu, ndani ya gamba la daftari la maandalio ya masomo. Jina lako ndilo lililoandikwa, peke yake. Ofisi unaijua. Usikubali mjomba wala baba mdogo akuambie mambo haya yana wakubwa wake. Mwalimu Hamisi nimemwambia mahali mkataba ulipo, ni yeye peke yake aliyeambiwa, na hakucheka.

Nimeliandika neno. Nimekaa nikalitazama. Bado napumua, jiko bado linawaka, kuku wa jirani bado wanachokora bustani yangu ya mchicha. Halikuita kitu chochote.

Barua hii nilipoianza nilikuwa na mpango wangu. Ningeitia kwenye begi lako, chini ya mashuka, uikute ukiwa umeshaivuka Tabora, mahali ambapo huwezi kushuka ukarudi. Wewe ungelia peke yako kwenye behewa, mimi ningelia peke yangu Dodoma, na kila mmoja angesema kwenye simu kwamba ni mzima. Nilidhani huo ndio upendo. Nilipofika kwenye habari za baba yako hapo juu, kalamu ikasimama. Nilimwona amekaa vile, uso umefunga, na mimi naulizia ng'ombe. Alikuwa anaogopa tu, masikini. Alikuwa na hofu kama yangu, akawafungia ng'ombe wote ndani ya hofu hiyo, akaenda nayo, na mimi na wewe tukapita bomani tukiuliza.

Kwa hiyo nimebadili. Nimeifunika barua hii kwa sahani yako, pale mezani unapokaa. Ukiingia usinitafute kwanza. Kunywa chai, ile uliyoisusa asubuhi nimeipasha. Soma. Kuku wa bibi yako mwache mlangoni. Mimi nitakuwa jikoni, na huenda nikawa nimegeuzia uso ukutani, usijali hilo. Kesho kusafiri utasafiri, sikuombi ubaki, treni hiyo utaipanda hata kama itabidi nikusukume. Lakini leo nimechoka kuwa na hofu hii peke yangu, mwanangu. Ichukue nusu.

Ukimaliza, njoo. Simama mlangoni, uniulize kama nilivyomuuliza baba yako: mama, ng'ombe wako wapi? Uliza kwa sauti. Sitakuambia unanichuria. Nitakukalisha kwenye benchi, nitakuonyesha karatasi zote mbili.

Mama yako,
ambaye leo si mzima wa afya, lakini yupo nyumbani anakungoja.